Mti Uliohamishwa: Kutoka Lilongwe Hadi Dzaleka

Msafiri atokaye Mbeya, akavuka mpaka wa Kasumulu na kuifuata barabara kuu kupitia Karonga, Mzuzu na Kasungu, hufika Lilongwe bila kujua kwamba amefika. Mji mkuu wa Malawi hauna mlango. Kuna majengo, kisha miti, kisha nyasi ndefu, kisha majengo tena, na mgeni huuliza mji uko wapi ilhali yumo ndani yake. Lilongwe ilipokea makao makuu ya serikali kutoka Zomba mwaka 1975, miaka miwili tu baada ya Tanzania kuamua kuhamishia yake Dodoma, na waliouchora mpango wake waliacha nafasi kubwa wazi kati ya mtaa na mtaa. Mitaa yenyewe mingi hujulikana kwa namba: Area 3, Area 18, Area 25. Namba hizo hazifuatani kama vyumba vya hoteli, na mgeni anayedhani kwamba ishirini na tano ni jirani wa ishirini na sita atatembea sana.

Katika mji wenye miti mingi namna hiyo nje, watu bado hupenda kuuingiza mti ndani. Jambo hilo si la Lilongwe peke yake; limo Dar es Salaam, limo Nairobi, na limo katika kota nyingi za askari ambamo mama wa nyumba ameweka chungu karibu na mlango wa sebule. Wengine wamekwenda mbali zaidi wakafuga mti wa namna ya bonsai, yaani mti mkubwa kwa asili uliofanywa mdogo kwa malezi. Neno hilo ni la Kijapani, na maana yake ni kilichopandwa katika sinia. Ufundi wenyewe Wajapani waliupokea kutoka China karne nyingi zilizopita. Watu wengi hudhani kuwa bonsai ni kabila la miti vibete. Sivyo. Mbegu yake ni ile ile ya mti wa msituni, na kama ungetolewa katika sinia ukapandwa ardhini, ungeondoka ukapanda juu kama wenzake. Kinachouweka katika udogo wake ni mizizi iliyopewa nafasi kidogo na matawi yanayokatwa mwaka baada ya mwaka.

Sasa, si kila mti huvumilia maisha ya ndani. Mtarakwa, msonobari na jamaa zao wanataka jua, upepo na baridi ya usiku. Ukiwafungia sebuleni watakaa kijani miezi michache, kisha utagundua kwamba walikwisha kufa zamani na ile kijani ilikuwa ya maiti. Mti unaofaa sebule katika sehemu zetu ni wa jamii ya mkuyu, ambayo wataalamu huiita Ficus. Malawi wanao mmoja wanaouheshimu sana, kachere, mti wenye kivuli kipana ambao chini yake wazee wa vijiji wamezoea kukaa na kuamua mashauri. Rwanda wana umuvumu, uliokuwa ukipandwa kuzunguka boma la mtu na boma la mfalme. Uganda wana mutuba, ambao Waganda huchuna gome lake na kuliponda hata likawa nguo. Miti hiyo ni ndugu wa karibu mno, na wataalamu wa mimea wenyewe wamebishana kama ni aina moja ama mbili.

Sifa yao kubwa ni kwamba hawafi upesi. Mbegu ya kachere huangushwa na ndege katika panda ya mti mwingine, pasipo udongo wa kutosha hata kujaza kikombe, nayo huota hapo ikashusha mizizi yake hewani taratibu hadi ifike ardhini. Tawi lake nene likikatwa na kuchomekwa chini kama mti wa ua, aghalabu hutoa mizizi likawa mti. Mutuba ukishachunwa gome, shina hufungwa kwa majani ya mgomba, na gome jipya huota likachunwa tena msimu mwingine. Afrika Kusini, ambako mti huo huo hupatikana porini, wafugaji wa bonsai wanaupenda kwa sababu hiyo. Mti uliozoea kuanza maisha katika panda ya mti mwenzake hauoni sinia kuwa dhiki kubwa.

Hata hivyo mti wa sebuleni huugua, na katika nyumba zenye bomba sababu ya kwanza ni maji. Mama humwagilia asubuhi, mtoto akatia kikombe kingine atokapo shule, na mgeni mwema akamalizia maji yaliyobaki katika bilauri yake. Chungu kimewekwa juu ya kisahani ili kisichafue kitambaa, basi maji hayana pa kwenda. Mizizi hukosa hewa ikaoza. Majani hugeuka manjano, mwenye nyumba akadhani ni kiu, akaongeza maji. Miti mingi ya ndani huuawa hivi, kwa ukarimu, na mwuaji ndiye anayeupenda kuliko wote. Sababu ya pili ni giza. Mti huwekwa juu ya kabati la vyombo, kando ya picha ya harusi, mahali panapopendeza macho, lakini jua halijapata kufika hapo tangu nyumba ijengwe.

Sababu ya tatu ndiyo inayowahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Ni uhamisho.

Familia ya askari inajua maana ya barua ya uhamisho. Leo Bukoba, mwakani Songea, na vitu vyote vya nyumba vinapakiwa katika lori kwa siku moja. Kitanda hakijali. Mti wa jamii ya mkuyu hujali sana. Ukitolewa katika dirisha ulilolizoea na kuwekwa katika dirisha jingine, wenye mwanga mwingine, joto jingine na hewa nyingine, huanza kupukutisha majani baada ya siku chache, na pengine katika wiki tatu hubaki fimbo tupu. Majani yale yaliumbwa kwa mwanga wa kule. Mti huyatupa ili upate kutengeneza yanayofaa hapa. Mwenye mti asipolijua hilo hulia, akautupa jalalani ungali hai.

Kutoka Lilongwe, uhamisho wa aina ngumu kuliko wa askari umepita katika barabara ile ile kuu ya kaskazini. Gari likienda kuelekea Mponela na kukunja kulia katika njia ya Dowa, mbele kidogo linafika Dzaleka, mahali palipo kati ya kilomita 40 na 50 kutoka mji mkuu. Zamani hapo palikuwa gereza ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafunga wapinzani wake, na jina lenyewe wenyeji hulifasiri kuwa ni kiapo cha mtu aliyekomeshwa: sitarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ambao Banda alishindwa katika uchaguzi na mauaji ya kimbari yakatokea Rwanda, pakafanywa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Hivi sasa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo ya mashariki, wengine Burundi na Rwanda.

Neno kambi, kwa askari na mkewe, linaleta mawazo ya paredi, kota na lango lenye mlinzi. Kambi hii ni mji. Kuna soko ambalo hata wanakijiji wa Dowa hulijia, kuna shule, makanisa, misikiti, vinyozi na mafundi cherehani, na tangu mwaka 2014 kumekuwa na tamasha la muziki na sanaa liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo Menes la Plume, ambalo huwavuta watu wa Lilongwe na wa nchi za mbali. Mtanzania hana haja ya mkalimani hapa. Kiswahili ndicho kinachounganisha watu sokoni, cha Kivu zaidi, chenye maneno ya Kifaransa na lafudhi za Bukavu, Uvira na Bujumbura, na karibu nacho Kinyarwanda, Kirundi na Kichewa cha wenyeji. Wengi waliingia Malawi kwa kupitia Tanzania, wakavuka kule kule Karonga. Askari wa Tanzania na wa Malawi waliokuwa pamoja Kivu katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013, ama katika kikosi cha SADC kilichopelekwa Desemba 2023 na kuamriwa kuondoka Machi 2025, wangeyatambua majina ya vijiji ambavyo watu hawa walivikimbia.

Sheria ya Malawi haimruhusu mkimbizi kuishi na kufanya kazi popote apendapo. Nchi hiyo ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake juu ya mambo hayo. Kwa miaka mingi, hata hivyo, wako waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine wakiendesha maduka na kusomesha watoto. Machi 2023 serikali, ikitaja usalama wa taifa, iliwaagiza wote warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo agizo likatekelezwa kwa nguvu. Nyumba zikafungwa, maduka yakafungwa. Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba sehemu za Dzaleka zimepewa majina ya mahali pa Malawi, zikiwamo Kawale na Likuni. Basi mtu aliyefukuzwa Kawale ya Lilongwe angeweza kuambiwa apange foleni kwenda Kawale nyingine.

Mtu anayehamishwa hivyo hachukui mti wa uani. Wa chunguni huchukulika. Na katika Dzaleka, ambako nafasi kati ya nyumba na nyumba ni ya kupita mtu, na ardhi si mali ya aliyejenga juu yake, chungu, kopo, ndoo iliyotoboka na gunia la udongo ndivyo shamba lililobaki. Aliyezoea kulima kilimani Kivu anajua kazi ya kulima. Kilichopungua ni mahali pa kuweka mizizi. Wakati nao ni mbaya kwa mti. Mwezi wa Mei mvua zimekwisha, na Juni na Julai nyanda hizo huwa na upepo wa baridi na vumbi. Nyumba nyingi ni za matofali ya udongo na madirisha madogo, ndani kuna giza hata adhuhuri. Mti uliozoea dirisha kubwa la Area 25 ukiletwa hapo, majani yote yatakuwa chini kabla ya mwezi kwisha.

Hapo ndipo ujuzi unapohitajika, na ujuzi huu ni ule ule kwa mkimbizi wa Dzaleka na kwa mke wa koplo aliyehamia Songea.

Kwanza ijulikane kama mti u hai. Kwa ncha ya kisu au ukucha, kwaruza gome kidogo katika kitawi chembamba. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, pana uhai. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka chini kuelekea shinani, ukikwaruza mahali padogo padogo. Kitawi kikavu huvunjika kwa mlio. Kilicho hai hupinda. Mti wa jamii ya mkuyu hutoa pia shahidi mwingine, utomvu mweupe kama maziwa, na ukitokea hata tone moja karibu na shina, hakuna sababu ya kuuzika. Utomvu huo huwasha ngozi na macho, basi watoto wakae mbali.

Pili, chimbua habari za mizizi kabla ya kutia maji. Chomeka kijiti kikavu katika udongo, kiache dakika kumi, kitoe. Kikitoka kimelowa, weka ndoo chini. Mti usio na majani haunywi kama wenye majani, kwa maana majani ndiyo yanayovuta maji juu, na hapa ndipo wengi huumaliza mgonjwa aliyekuwa anapona. Kunusa nako ni kipimo. Udongo mzima una harufu ya mvua ya kwanza. Udongo uliooza una harufu ya uchachu kama maji ya muhogo uliolowekwa siku nyingi.

Ikiwa hauna uchachu, mti hauhitaji dawa. Unahitaji mwanga na kuachwa. Uwekwe mahali pamoja penye mwanga kuliko pote, na usisogezwe tena kila siku kama mwanasesere. Ndugu msomaji akumbuke kwamba sisi tulio kusini ya ikweta hulipata jua la Juni na Julai upande wa kaskazini, na Lilongwe, iliyo karibu nyuzi 14 kusini, hulipata hivyo zaidi ya Dar es Salaam. Dirisha la kaskazini ndilo bora kwa miezi ya baridi. Katika nyumba isiyo na dirisha la maana, mti utoke nje, chini ya upenu, uzoee mwanga wiki kwa wiki, na usiku wa baridi kali uingizwe ndani. Ukitolewa gizani na kuwekwa juani siku moja, gome lenyewe huungua.

Ikiwa mizizi imeoza, kazi ni kubwa zaidi. Mti hutolewa chunguni, mizizi ikaoshwa kwa maji, na yote iliyo myeusi na laini ikakatwa kwa wembe safi hadi ifikiwe sehemu ngumu. Udongo wa zamani hutupwa. Wajapani hununua udongo maalumu kwa fedha nyingi, lakini Malawi wana kitu kinachofanya kazi hiyo bure: kipande cha tofali la kuchoma. Katika vijiji vya nchi hiyo tanuru za matofali ni nyingi, na yaliyovunjika hayana kazi. Hupondwa yakachekechwa, vumbi likatupwa, na chembe za ukubwa wa punje ya mtama ama mahindi madogo zikabakizwa. Changanya nazo mchanga mnene wa mtoni na mkaa uliopondwa kidogo. Mchanganyiko huo hushika unyevu ndani ya chembe na kuacha hewa kati yake, na hilo ndilo mizizi ilikosa. Chungu kiwe na matundu, na mti ufungwe kwa waya au kamba ipitayo katika matundu hayo, kwa kuwa mti unaotikisika hukata kila kizizi kipya unachotoa.

Kisha mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, na uufunike kwa mfuko wa nailoni usio na rangi, ulioinuliwa kwa vijiti viwili usiguse matawi. Mfuko huhifadhi unyevu wa hewa wakati mizizi haiwezi kuuleta. Ufunguliwe dakika chache kila asubuhi ili ukungu usiote, na usipigwe na jua moja kwa moja, la sivyo mti utapikwa humo. Mbolea isitiwe hata kidogo. Mbolea kwa mti usio na mizizi ni pilau kwa mgonjwa wa kipindupindu.

Kuhusu maji, Dzaleka ina faida moja isiyotazamiwa. Maji huja kwa foleni ya madumu, na aliyeyabeba kichwani hamwagi ovyo. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanatosha mti mdogo; ya sabuni hayafai, isipokuwa machache ya kupangusia wadudu weupe kama pamba wanaojificha katika makwapa ya matawi.

Nje ya Afrika uko mti mmoja unaostahili kutajwa, kwa sababu unaonyesha mti wa chunguni unaweza kuhamishwa mara ngapi. Ni msonobari mweupe uliolelewa katika chungu tangu mwaka 1625. Agosti 6, 1945 ulikuwa katika bustani ya familia ya Yamaki, Hiroshima, kilomita tatu hivi kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipuka, nyuma ya ukuta. Nyumba ilivunjika vioo, mti ukabaki. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani pamoja na miti mingine ya Japani, ukapelekwa Washington, wala hakusema ulikotoka. Waliokuwa wakiumwagilia huko hawakuijua habari hiyo hadi mwaka 2001, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutazama.

Mti uliofika Dzaleka au Songea mwezi wa Mei usitazamiwe kuchipua Julai. Baridi huulaza. Kijiti cha kupimia udongo kitumike kila baada ya siku tatu nne, gome likwaruzwe mara moja kwa mwezi na si zaidi. Joto likirudi Septemba, tazama katika mafundo ya matawi: chipukizi la jamii ya mkuyu hutokea likiwa limefungwa kama ncha ya penseli, jekundu kidogo au la kijani kibichi. Likionekana moja, mengine hufuata katika wiki mbili. Wakati huo vitawi vilivyokufa vionekane wazi na vikatwe, lakini vilivyo hai viachwe virefuke vipendavyo, hata kama umbo zuri la bonsai litaharibika kwa msimu mmoja. Mbolea kidogo, nusu ya kipimo kilichoandikwa katika mfuko, ianze baada ya majani sita au saba kukomaa. Mkasi wa kurudisha umbo usubiri hadi mvua zishike.